Huko Mtokako Kuna Amani?

Tulimzika Spesioza, mtaani Kasingirima, siku ya jua kali, na baada ya maziko tukakaa uani kula ugali wa muhogo na maharage yaliyopikwa kwa mawese. Wenzangu wa kikundi chetu cha ngoma cha ujanani tulikuwa wanne tu, wazee watupu, tumekaa kwenye mkeka mmoja tukitazamana vipara na mvi. Padri alikuwa ameshaondoka. Nyuma yetu wanawake wawili waliokuwa wakiosha sahani walikuwa wakizungumza kwa sauti ya watu wanaodhani wazee wote ni viziwi. Mmoja alisema, "Maskini, alikuwa mpole yule bibi. Lakini hakuwa na mtu." Mwenzake akamjibu, "Hakuwa na mtu kabisa. Hata mtoto wa kusingiziwa." Nilitaka kunyanyuka niwajibu papo hapo, maana mimi Zena mdomo wangu haujazeeka. Ila miguu yangu siku hizi hainyanyuki kwa hasira, inataka kubembelezwa kwanza. Mpaka niliposimama, wale wanawake walikuwa wameshahamia habari ya bei ya sabuni. Nikakaa tena. Nilikasirika nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikakasirika nikiwa kitandani, na asubuhi nikajua kwamba ile si hasira, ni majonzi, na kwamba hayataondoka mpaka niyaseme.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule uliofuata mwaka wa mitumbwi. Watu wa hapa wenye umri wangu hawahitaji maelezo. Vita vilikuwa vimewaka Burundi, na kila alfajiri ziwa lilikuwa likituletea watu: mitumbwi imejaa mpaka maji yanaingia, kina mama wana magodoro kichwani na watoto mgongoni. Spesioza alishukia kwenye mwalo wa Kibirizi katika msongamano huo akiwa na homa kali, amemshika mkono mwanawe wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Mumewe, Leonidasi, alikuwa ameuawa mbele ya macho yake kwenye shamba lao la kahawa, na hakupata hata nafasi ya kumfunika. Pale Kibirizi, kati ya wachukuzi, wauza samaki na watu waliokuwa wakiitana kwa majina, alianguka akazirai. Alipozinduka alikuwa hospitali na mkono wake ulikuwa mtupu. Akauliza mtoto yuko wapi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwambia kwamba siku ile mtumbwi mmoja ulipinduka karibu na nchi kavu na watoto wengi wamekufa maji. Spesioza hakuuliza tena. Alipopona, mama yangu mdogo, aliyekuwa akiwapikia wagonjwa uji, alimhurumia akampa chumba cha uani kwetu Ujiji.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kilikuwa chumba cha kuwekea madebe ya mawese, na hata baada ya kuyaondoa, kuta zilibaki na rangi ya chungwa mpaka usawa wa kiuno, na ile harufu nzito haikutoka. Alikuwa na mkeka, sufuria moja, na rozari iliyoning'inia kwenye msumari. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kama ishirini, mchezaji wa ngoma, mjuaji, na nilijipa kazi ya kumfundisha Kiswahili kizuri, kana kwamba chake kilikuwa na kasoro. Jioni tulikuwa tukimenya muhogo pamoja mlangoni. Alikuwa akinisimulia habari za kahawa, za ng'ombe, za harusi za kwao, akicheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa khanga. Habari za mume na mtoto hakuzigusa. Nami sikuzigusa, kwa sababu kuna vidonda ambavyo hata msichana mjuaji anaona aibu kuvifunua. Siku moja tu alinieleza desturi ya kwao: mtu akifiwa hukaa matanga, hachezi, halimi, hasherehekei, mpaka ndugu wakae pamoja na kuuondoa msiba rasmi kwa pombe na maneno. "Mimi nani atanikalia?" akaniuliza. "Ndugu wako wapi? Na huyo mtoto, nimlie au nisimlie? Nikimlia, nimemuua mimi. Nisipomlia, naye akiwa amekufa, nimemwacha peke yake." Nilichukua muhogo mwingine nikaumenya.

Akazehe ndiyo iliyomleta kwenye kikundi. Hiyo ni salamu ya wanawake wa kwao wanapokutana baada ya kupoteana, nayo huimbwa. Wanawake wawili hukumbatiana, mmoja anatiririsha maneno ya kuulizana hali bila kupumua, na mwingine anapokea kwa sauti ya juu, hee, hee, hee, mpaka sauti mbili zinasukana huwezi kujua ipi ya nani. Alinifundisha pale mlangoni ili kupoteza muda tu. Mwalimu Bukuru, kiongozi wa kikundi chetu, alipita akatusikia, akasimama na baiskeli yake mpaka tukamaliza. Mwalimu alikuwa Mha wa shingo ndefu na maneno marefu zaidi, mtu aliyeweza kuhutubia hata kuku. Wakati ule alikuwa katika pilikapilika kubwa: wafadhili fulani walikuwa wameunganisha kikundi chetu na kijiji kimoja cha Ghana, tubadilishane utamaduni. Vijana wa huko walikuwa wameshatutembelea, wamelala katika nyumba zetu na kutumalizia migebuka, samaki wetu wa ziwani, na sasa ilikuwa zamu yetu. "Huyu mama tunakwenda naye," Mwalimu akasema. "Hii salamu Afrika nzima haina." Spesioza akasema yeye bado yuko katika msiba, hawezi kucheza. Mwalimu akamjibu kwamba kusalimia si kucheza. Sijui kama alimshawishi au kama Spesioza alitaka tu kwenda mahali ambapo hakuna ziwa. Kibali chake cha kusafiri kilichelewa kuliko vya wote, tukakata tamaa, kisha kikatoka.

Katika mazoezi niliona jambo. Akazehe ina mpangilio wake: unauliza habari za wazazi, za mume, za ng'ombe, za shamba, kisha za watoto. Spesioza alikuwa akifika kwenye shamba, anageuka na kurudi kwa wazazi. Watoto hakuwafikia hata mara moja. Mwalimu alidhani ndivyo wimbo ulivyo, akausifu kwa kuzunguka kwake.

Safari yenyewe siielezi sana, treni ya kwenda Dar es Salaam kila mtu anaijua, na ndege niliilalia kwa hofu. Lakini lazima niseme habari ya zawadi. Mwalimu alikuwa amebeba kutoka Kigoma debe zima la mawese, limefungwa kwa mifuko na mpira wa baiskeli, tumelipigania kila kituo kama mtoto mchanga. Tulipoingia katika kijiji kile, ndani ya mashamba ya kakao, kitu cha kwanza tulichoona kando ya njia kilikuwa michikichi, tena mingi kuliko ya kwetu, na mwanamke anachemsha mawese kwenye pipa. Tulimwangalia Mwalimu. Naye akaliangalia debe lake. "Basi," akasema, "watalinganisha." Tukacheka, na ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka siku ile.

Wakatuketisha barazani kwa chifu, viti vyetu vikitazamana na vyao. Kwanza wakapita kutusalimia kwa mkono, wakianzia kulia kwenda kushoto, wazee wote, bila kumruka mtu. Kisha wakaleta maji, kila mgeni na kikombe chake, wakatungoja tunywe. Kwa desturi yao mgeni haulizwi lolote koo likiwa kavu. Baada ya maji ndipo msemaji wa chifu anasimama na fimbo yake na kuuliza habari: mmetoka wapi, mnataka nini, na huko mtokako kuna amani? Jibu linajulikana. Mgeni anasema huko ni shwari, hakuna baya, tumekuja kuwaona tu. Hata kama kuna baya, utalisema baadaye, taratibu. Kwetu si vivyo hivyo? Mswahili akiulizwa habari za nyumbani, na maiti iko ndani, atasema nzuri, kisha ndipo aongeze, ila tumefiwa. Msemaji aliuliza kwa lugha yao, mwalimu wa shule ya pale aitwaye Kwabena akatia Kiingereza, na Mwalimu Bukuru akatia Kiswahili. Mwalimu akajibu yeye mwenyewe kwa niaba yetu, na kwa kuwa ni yeye, jibu lilikuwa refu: Kigoma ni shwari, Tanzania ni shwari, ziwa limetulia. Wazee wakaitikia kwa furaha. Sisi tukadhani yamekwisha.

Lakini dada yake chifu, bibi mmoja mnene mwenye kichwa kilichonyolewa, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, akasema kwamba wanaume wameulizwa, wanawake je? Mwanamke mkubwa kati ya wageni ni nani? Tukamwangalia Spesioza. Alikuwa na miaka kama thelathini, lakini sisi wengine tulikuwa wasichana. Mwalimu akamgeukia akamtafsiria neno kwa neno, kwa haraka, kama mtu anayepitisha kikombe: "Wanakuuliza, huko utokako kuna amani?" Nadhani angemwambia tu "hujambo," Spesioza angejibu sijambo. Kwao Burundi amani ni salamu pia, watu wanasalimiana kwa neno hilo kutwa nzima. Ila pale aliulizwa kwa Kiswahili, lugha aliyojifunza ukubwani, katika baraza la watu wazima waliokuwa wamenyamaza kumsikiliza, na wamempa maji kwanza. Tangu ashuke kwenye mtumbwi hakuna mtu aliyekuwa amemkalisha kwenye kiti na kumuuliza. Akakiweka kikombe chini. "Oya," akasema. "Hapana. Hakuna amani."

Mwalimu alitabasamu kwa meno yote na kusema kwa Kiingereza kitu kifupi, kifupi mno kwa mtu kama yeye. Kwabena hakukubali. Alikuwa ameuona uso wa Spesioza, na tena "oya" haihitaji mkalimani. Akauliza, mama amesema nini hasa? Mwalimu akanong'ona kwetu, "Spesioza, jamani, ni salamu tu, jibu salamu!" Naye akamjibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, wameniuliza, nami nimesema. Mume wangu ameuawa, hajazikwa. Waambie." Kwa hiyo Mwalimu akawaambia. Neno likapita kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwenda lugha yao, na kila lilipofika niliona watu wakiinamisha vichwa, kwanza Kwabena, kisha msemaji, kisha wazee. Ngoma za kutukaribisha zilikuwa tayari pembeni, vijana wameshika vijiti. Msemaji alisema neno moja wale vijana wakaviweka chini. Kwao neno la msiba likisemwa baada ya maji, haliwezi kurukwa. Haiwezekani kucheza juu yake.

Usiku wa maneno hayo Mwalimu alikuwa kama amemwagiwa pilipili. Tulikuwa tumelazwa katika darasa la shule, wanawake upande huu, wanaume upande ule, katikati mapazia ya khanga, na tulimsikia akilalama: "Tumekuja kuonyesha utamaduni, hatukuja kutangaza misiba! Wafadhili wataelewa nini?" Spesioza alikuwa amelala kwa ubavu, macho wazi. Nilimuuliza kama anasikia. "Ego, nasikia," akasema. "Mwache. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Nilishangaa, maana methali hiyo nilikuwa nimemfundisha mimi, nikidhani namfundisha maneno tu.

Jumamosi wakamlia Leonidasi. Nasema wakamlia, si wakamkumbuka. Viti vilipangwa uwanjani pande nne, watu wakaja kutoka vijiji vya jirani, wamejifunga nguo nyekundu iliyokoza na nyeusi, kama kwao wanavyovaa msibani. Yule dada yake chifu, ambaye wote walimwita Nana, alimvisha Spesioza kitambaa chekundu kichwani kwa mikono yake. Hapakuwa na maiti wala picha. Walisema kwao mtu akifia mbali mwili usionekane, msiba wake haupotei, unangojea tu mahali pa kukalia. Jina lake lilitajwa na msemaji, Leonidasi, kwa matamshi ambayo mwenyewe asingeyaitikia, na wanawake wakapokea kwa wimbo wa kilio ambao sikuuelewa neno hata moja na bado nikalia mpaka ukaisha. Watu wakapita mstari mmoja kumshika mkono, kulia kwenda kushoto, wazee kwa watoto, watu ambao hawakujua Burundi iko upande gani wa dunia. Mwalimu Bukuru alikuwa amekaa kimya, jambo lisilo la kawaida. Kisha akanyanyuka, akaomba ngoma moja, akaipiga ule mdundo wa pole wa Waha wa kumsindikiza mtu, na machozi yanamdondokea juu ya ngozi. Mimi nikamsomea marehemu Fatiha kimoyomoyo. Marehemu alikuwa Mkatoliki, lakini Mungu si karani wa kuuliza fomu. Mchana tulikula fufu, ugali wao wa kutwangwa, na mchuzi wa chikichi. Nana aliagiza kwamba mchuzi wa Spesioza upikwe kwa mawese ya debe letu, ili ale chakula cha msiba chenye ladha ya kwao. Alikula. Alikuwa hajawahi kula vizuri vile tangu nimjue.

Baada ya chakula Nana akamkalia karibu, na Kwabena na Mwalimu wakachuchumaa mbele yao kupitisha maneno. Nilikuwa nyuma yake nimemshikia bega. Nana akauliza kama kuna mwingine. Spesioza akasema yupo mtoto. Nana akauliza, "Ulimwona amekufa?" Akajibu, "Oya." "Yuko aliyemwona?" Akafikiri sana. "Hapana. Nilisikia tu mtumbwi umepinduka." Nana akatikisa kichwa kama mama anayemkuta binti amechanganya chumvi na sukari. "Basi huyo hayumo katika msiba huu," akasema. "Aliyekufa huliliwa. Aliyepotea huuliziwa. Wewe umeuliza?" Mwalimu akalitafsiri hilo mara mbili. Spesioza alikuwa hajauliza. Mwaka mzima na zaidi aliishi mwendo wa miguu kutoka Kibirizi, na hakuwahi kukanyaga tena kule, kwa kuogopa kupata jibu. Siku tuliyocheza mbele ya kijiji, mwisho kabisa wa ziara yetu, tulikumbatiana tukaimba akazehe, na alipofika kwenye shamba hakurudi nyuma. Aliendelea mpaka kwa watoto. Mimi ndiye niliyekosa pumzi ya kupokea.

Tuliporudi nyumbani hakupumzika hata siku. Nilikuwa nikifuatana naye Kibirizi asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa na mwalo mzima unang'aa kama bati jipya. Alikuwa akiuliza kila mtu: wachukuzi, mafundi wa mitumbwi, mama wauza chapati. Wengine walimwambia pole, wengine walimfukuza, mmoja alimwambia ukweli wa kikatili kwamba watoto wa siku zile hawahesabiki. Nilikuwa nikitamani aache, sina budi kusema, kwa sababu nilikuwa nikimwona anavyokonda. Ndipo siku moja mwanika dagaa mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akasimama na ungo wake. "Ngoja kwanza. Mtoto wa kiume? Alikuwa na kaptula ya kijani?" Spesioza akaitika ndiyo kwa kichwa tu. "Huyo alilala juu ya nyavu zangu hapa, anakula dagaa wabichi kama paka. Tulimtangaza, hakutokea mtu. Kuna mama mmoja mnunuzi, anatoka barabara ya Kasulu, alikuja magulio mawili akamkuta bado yupo. Akamchukua. Anjelina. Hana mtoto yule."

Kijiji sikitaji, wala jina la mtoto. Spesioza mwenyewe ndiye aliyeniwekea mpaka huo. Mwezi mmoja kabla ya kufa, nilipokwenda kumtazama, aliniambia, "Zena, nikishakufa sema ukipenda, nawe najua utapenda. Ila yeye usimtaje." Basi niseme tu kwamba tulipanda gari mpaka Kidahwe, na kutoka pale kuna mwendo. Siku zile habari zilikuwa zimezagaa mjini kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani na vijijini watakusanywa kwa malori wapelekwe kambini, na wengine walikuwa wameshachukuliwa. Spesioza alikuwa amevaa khanga yangu mpya na ameshika fungu la dagaa la zawadi. Njia nzima mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili.

Nyumba ya Anjelina ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, imefagiliwa mpaka nje njiani. Alikuwa mwanamke wa Kiha mwenye mikono mikubwa ya shamba. Alitukaribisha ndani kwa furaha, mpaka nilipotaja Kibirizi. Hapo uso ukajifunga. Akatazama nje, akarudisha mlango nusu. "Mmetumwa?" akauliza. Nikamwambia hatukutumwa na mtu. Kwenye pembe ya chumba, juu ya mkeka uliotandikwa shuka safi, mtoto wa kiume alikuwa amelala usingizi wa mchana, mdomo wazi, mguu mmoja juu ya ukuta. Spesioza alimwona kabla hajakaa. Sikuhitaji kuambiwa. Alishika kizingiti, akakaa polepole kwenye kigoda, na macho yake hayakutoka tena pale pembeni. Aliuliza maswali madogo kwa sauti ya mgeni mwenye adabu. Anakula? Anjelina akasema anakula, ila kisamvu hataki. Anaumwaumwa? Aliumwa surua, nusura afe, akambeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Analia usiku? "Zamani alikuwa akilia, anaita kwa Kirundi. Siku hizi halii. Hapa kijijini wote wanajua ni wa dada yangu marehemu. Hata mwenyekiti anajua hivyo. Akifikisha umri namwandikisha shule." Kisha yule mwanamke akaacha kuzungukazunguka. Alipiga magoti mbele ya Spesioza, akamshika mikono yote miwili, na kumuuliza, "Dada, ni wako?"

Huyu Spesioza ni yule yule aliyekuwa ameshindwa kusema uongo wa salamu mbele ya wazee wa Ghana. Nilingoja aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaanza kulia kwa furaha. Alimwangalia mtoto, akamwangalia Anjelina, akasema, "Oya. Wangu alikuwa mkubwa kuliko huyu."

Anjelina alitoka mbio kwenda jikoni kutupikia, akiwa anajifuta uso kwa kiganja, na tukamsikia anapiga kuni kwa nguvu kuliko zinavyohitaji. Nilimgeukia Spesioza kwa ukali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nami nilikuwa na uchungu wangu. "Una wazimu? Ni yeye! Mbona umemkana?" Alinishika mkono kunituliza, nisije nikamwamsha mtoto. "Zena. Nikisema ni wangu, ni mkimbizi. Lori likija, anapanda na mimi. Nikinyamaza, ni Mha wa hapa, ana shamba, ana shule, ana mama. Mimi nina nini? Nina chumba cha mawese." Nilimwambia tutafanya mpango, tutamficha, Mwalimu atasema na wakubwa. Akatikisa kichwa. "Nilimuulizia, nikamwona. Inatosha." Haikutosha. Niliona kwamba haikutosha, na yeye aliona kwamba nimeona. Miezi michache baadaye malori yalikuja kweli, na alikaa kambini miaka mingi kabla ya kurudi mjini na kukaa Kasingirima, na mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na sijui kama kuna siku amewahi kusikia jina la Spesioza.

Tulikula. Ugali ulikuwa mlaini na maharage yameiva vizuri, ila sikuyaonja. Tulipokuwa tunanawa mikono mtoto akaamka. Alikaa kwanza, akatushangaa, kisha akaenda kujificha nyuma ya gauni la Anjelina, akichungulia kwa jicho moja. Anjelina akamsukuma mbele taratibu. "Usiwe na haya. Wasalimie wageni." Akanijia mimi kwanza, akanigusisha kichwa mkononi, nikamwitikia. Halafu akamwendea Spesioza, akainama kama alivyofundishwa. "Shikamoo."

Mkono wa Spesioza ulibaki juu ya kichwa kile muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

"Marahaba, baba," akasema.